Kabati la mbao la kufugia pogona: uzoefu wangu

Naishi Leicester, Uingereza, na binti yangu anafuga pogona, mjusi wa nyika kame za Australia mwenye miiba kidevuni kama ndevu. Kumtengenezea makao ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa moyo wote.

Kabati nililonunua lina urefu wa sm 120, kina sm 60 na kimo sm 60, na mbele lina vioo viwili vya kusukuma pembeni. Pogona mkubwa hufika sm 45 hadi 60 pamoja na mkia, kwa hiyo dogo zaidi ya hili nisingemshauri mtu. Tena lazima kuwe na upande wa joto na upande wa baridi. Kwenye kizimba kidogo joto linaenea kote na mnyama hana pa kukimbilia.

Kabati lenyewe ni zuri. Mbao hutunza joto kuliko kioo, na huku wakati wa baridi hilo si jambo dogo. Kuliunganisha kulihitaji bisibisi na subira tu. Viungo vyote vya ndani nilivipaka silikoni ya matangi ya samaki ili unyevu usipenye kwenye mbao, nikaliacha wazi mpaka harufu ikaisha kabisa.

Kilichoniudhi ni vifaa vilivyokuja pamoja nalo. Taa ya UVB, yaani ya mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua, ilikuwa balbu fupi inayomulika kona moja tu. Kipimajoto kilikuwa cha mshale, cha kubandika ukutani, na kinapima joto la ukutani ilhali mjusi amelala juu ya jiwe. Jiwe la kuotea linatakiwa liwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa baridi 22 hadi 26. Nikaviweka kando vyote viwili, nikanunua kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza kwenye jiwe lenyewe, pamoja na taa ya mrija ya Arcadia ProT5 ya UVB asilimia 12.

Taa hiyo ni bei, lakini kama fedha ni chache, punguza kwenye mapambo, usipunguze hapo. Pasipo UVB ngozi ya pogona haitengenezi vitamini D3, na pasipo D3 mwili haufyonzi kalsiamu. Mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda. Unaweza kumlisha sukuma wiki na nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu na bado akalemaa kwa kukosa mwanga. Jua la dirishani nalo halisaidii, maana kioo huzuia UVB. Ndiyo maana mrija nimeufunga ndani ya kabati, juu ya jiwe, na umefunika zaidi ya nusu ya urefu wa kabati.

Balbu ya joto inaongozwa na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, inayopunguza mwanga polepole. Sakafuni nimeweka vigae vya kawaida visivyoteleza. Mchanga unaouzwa madukani sikuutaka, kwani wadogo huumeza ukaziba matumbo yao.

Asubuhi taa zikiwaka, anatoka akiwa mweusi mweusi, anapanda jiwe na kujitandaza bapa. Taratibu rangi inafunguka hadi manjano, kisha anaachama mdomo kupunguza joto, na mwishowe anateremka mwenyewe kwenda kivulini. Mjusi anayejichagulia hivyo ana makao yaliyopangwa sawa. Mimi humtazama yeye kabla ya kutazama kipimo.

Mrija hubadilishwa kila baada ya mwaka hata kama bado unawaka, kwa sababu UVB hufifia kabla macho yetu hayajaona tofauti. Tarehe ya kuufunga nimeiandika kwa kalamu kwenye ncha yake. Kabati nalipa nyota nne, taa niliyonunua tano, na vifaa vilivyokuja na kabati nyota moja. Ukienda dukani, ulizia kama wanauza kabati tupu, halafu taa na themostati ujinunulie mwenyewe.