Gambuti za elfu 26 kwenye tope la Moyowosi

Wakuu, msimu uliopita niliingia pori la akiba la Moyowosi nikiwa trakka (mfuata nyayo wa wawindaji), wageni wawili walikuwa na kibali cha kuwinda nzohe, yule swala wa kwenye maji, na gambuti zangu za zamani soli ilishaisha kabisa. Nikapita Tabora mjini nikachukua hizi nyeusi zenye soli ya njano, elfu 26, muuza hakushuka hata mia. Nimezivaa siku 14 majini kwa hiyo nadhani nina haki ya kuzisema.

Kwa asiyepajua, kule ndo kwenye maji ya mito ya Malagarasi na Muyovozi (ndo Moyowosi hiyo hiyo), ardhioevu ya kilomita za mraba 32,500 hivi, ya kwanza Tanzania kuingia Ramsar, ile orodha ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Mwezi wa saba Tabora ni vumbi tupu, kule mafunjo bado yamesimama majini, na yule ndege mwenye mdomo kama kiatu anakuangalia tu unavyohangaika. Nzohe kapewa kwato ndefu zinazopanuka, anatembea juu ya mafunjo yanayoelea kama vile yuko barazani kwake. Sisi wengine ni mpira wa dukani.

Tuanze na mazuri. Soli ina meno marefu, inashika hata kwenye gogo lenye utelezi, sikuanguka hata mara moja (mwenzangu aliyekuja na raba mtoni alioga mara tatu siku ya kwanza). Urefu unafika chini ya goti. Kisigino kimebana vizuri, na hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana tope la mafunjo linanyonya, ukivuta mguu kwa nguvu unatoka wewe gambuti inabaki. Unaanza kuinua kisigino, unachezesha kidogo hewa iingie, ndo unatoka.

Shingo sasa. Pana mno kwa miguu yangu ya korongo, nikitembea inapiga pwa pwa pwa, na ile safari ya kwenda kwenye dungu mnaanza saa kumi alfajiri, giza, kimya, mnyama ana masikio balaa, mwindaji bingwa akageuka akaniangalia bila kusema neno nikaelewa. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikafunga juu ya suruali kila mguu, kelele ikaisha. Ila kitu cha elfu 26 hakikutakiwa kunipa kazi hiyo.

Balaa lenyewe lilikuja siku ya sita, ya kushoto ikapasuka pale inapojikunja kwenye kifundo. Nikasema si tatizo, kambini kuna msasa, tyubu na solusheni, nikapiga kiraka kama cha baiskeli, kikakaa asubuhi moja, mchana kikabanduka chote kama ganda la ndizi. Kumbe hizi si mpira, ni plastiki! Solusheni ya tyubu inashikana na mpira wenyewe, plastiki haiitaki. Mimi mtu mzima nimeuziwa plastiki kwa kuwa ilikuwa inang'aa. Siku hizi nikiwa dukani naikunja kwanza, yangu ilikuwa ikikunjwa inaacha mstari mweupe, mpira hunyooka na kurudi. Na ukifika nyumbani usingoje porini, weka gazeti ndani, izamishe kwenye ndoo mpaka karibu na shingo, subiri dakika kumi, gazeti likilowa rudisha mali ya watu mapema.

Lakini niseme ukweli, hata ingekuwa nzima, gambuti haipumui, jasho linabaki humo humo, kwa hiyo mguu unalowa hata kama maji ya nje hayajaingia. Mgeni mmoja alikuja na buti za bei ambayo mimi ningenunua pikipiki, ndani kavaa soksi za pamba, siku ya tatu nyayo zimekuwa nyeupe na makunyanzi kama mtu aliyefua kutwa, zinauma, akabaki kambini siku mbili. Pamba inashika maji haiachii. Mimi nina soksi za sufu za mitumba jozi nne, naenda na moja kavu kwenye mfuko wa nailoni, tukifika kwenye dungu navua navaa ile kavu, maana pale unakaa masaa bila kutikisika na alfajiri kuna baridi, mguu uliolowa unakufa ganzi.

Mguu wenyewe nauandaa wiki mbili kabla. Magaga nayasugua na jiwe kila jioni napaka mafuta ya mgando, kwa sababu ufa wa kisigino ukikaa kwenye tope unageuka kidonda. Kucha nakata mapema, siyo usiku wa kuamkia safari. Gambuti mpya naivaa shambani kwanza, inaponichubua najua, siku ya safari napiga plasta hapo kabla lengelenge halijatokea. Na kanunue jioni miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi nene mguuni, mimi navaa 42 lakini nachukua 43.

Usiku kambini toa soli ya ndani, jaza gazeti, zitundike kichwa chini kwenye vijiti mbali na moto. Kuna kijana aliziweka karibu na jiko zikauke haraka, asubuhi moja imejikunja kama chapati. Asubuhi kung'uta kabla hujaingiza mguu, nge anapenda mle.

Maji yakipita goti achana na gambuti kabisa, zikijaa ni ndoo mbili umefunga miguuni, hapo hata ile raba mtoni ya mwenzangu ilinishinda maana maji yanaingia yanatoka.

Nazipa nyota mbili, zote za soli. Ya kushoto nimeikata shingo pamoja na mwenzake, shemeji anazivaa akiingia bandani kwa kuku, anasema ni nzuri sana.