Jiko la kuni la ndani ya nyumba: acheni kuuliza jiko, ulizeni bomba

Naandika hii nikiwa na hasira bado, mtanisamehe. Juzi dada mmoja wa Kasulu kanitumia picha ya ukuta wa jiko lake, umechirizika weusi kutoka darini mpaka sakafuni kama mtu kamwaga lami, ananiuliza "dada hii ni nini, nimesugua na sabuni haitoki". Nilivyoiona tu nikajua, maana ukuta wangu hapa Gungu ulikuwa hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita na yaliyofuata yalikuwa mabaya.

Nilinunua jiko banifu la kuni lenye bomba la moshi hapa hapa Kigoma mjini, duka silitaji. Jiko lenyewe zuri, mdomo mdogo, kuni tatu zinatosha kuivisha maharage, moshi hamna. Muuzaji akaniambia mama hili ni kompliti, jiko, bomba na kofia yake, wewe unafunga unapika. Nikatoa laki mbili na nusu, akanitafutia na fundi wake wa kufunga. Wiki kama ya sita hivi nimetenga migebuka na mawese, nimesimama pale nakoroga, tone likadondoka kwenye sufuria. Nikadhani maji ya mvua. Nikachota na kijiko, kitu cheusi, kinanata, kinanuka moshi mkali mpaka puani. Nikamwaga sufuria nzima, migebuka minne. Nikainua macho nikaona kila kiungo cha bomba kinachuruzika, viungo vyote vinne, na hapo ndo nilitakiwa niache kuwasha lile jiko lakini sikuacha kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia maana yake.

Mwezi mmoja baadaye saa tatu usiku mama jirani anagonga mlango, "mama Neema toka na watoto, bati lenu linafuka". Tulivyozima, fundi mwingine akapanda juu, akanishushia kipande cha papi, ile mbao inayoshikilia bati, nikishike. Upande mmoja mbao, upande wa pili mkaa. Sio mkaa wa usiku ule, mkaa ulioanza kuiva taratibu siku nyingi. Na kuzunguka bomba pale linapotoboa bati, yule fundi wa kwanza alikuwa kajaza sponji ya godoro ili mvua isiingie. Sponji ya godoro, jamani, imekumbatia bomba la moto juu ya vichwa vya wanangu.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na rangi ya jiko wala vishikio wala linakula kuni ngapi, hayo mtayakuta kila mahali. Napanga mabomba kwa namba, ninalolipendekeza zaidi linatangulia. Jiko baya litakupotezea kuni tu, lakini bomba baya linachoma nyumba.

Kwanza ueleweni ule weusi. Moshi wa kuni sio hewa tupu, una mvuke wa maji na mafuta mafuta ya mti, ukipanda kwenye bomba la moto unatoka nje wote, ukikutana na bomba lililopoa unagandia humo ndani, wataalamu wanaita kreosoti. Inaanza kama masizi, inakuwa kama lami, mwisho inakauka inang'aa kama kioo, na hiyo inawaka. Ikishika moto ndani ya bomba joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na bati la kawaida limepakwa zinki ambayo inayeyuka kwenye 419 tu. Vitu viwili vinaleta kreosoti kuliko vyote: kuni mbichi na bomba la chuma chembamba linalopoa haraka. Kuni gonga mbili pamoja, zikilia kaa! ni kavu, zikilia bubu rudisha juani. Hilo la kuni kila mtu analijua. La bomba hakuna anayelisema, na ndo ninalotaka mlishike.

NAMBA MOJA: chuma cheusi, milimita 2

Hii ni shiti nyeusi ya kawaida, ile ambayo mafundi wa kuchomelea wanatengenezea mageti. Unamwambia fundi akukunjie bomba la inchi 4 kwa jiko la familia, inchi 6 kama ni jiko kubwa la mama lishe, na akulinganishie na tundu la jiko lako. Usikubali bomba liwe jembamba kuliko tundu, moshi utarudi ndani. Mshono wa kusimama uchomelewe wote, sio madoa madoa. Chuma kinene kinashika joto, moshi unapanda bila kupoa njiani, kreosoti inakuwa kidogo. Kinaota kutu nje, ndio, kwa hiyo kofia iwepo na kipande cha juu ya bati ukikague kila mvua zikiisha. Langu la sasa ni hili na sijaona tone.

Usipime kwa macho. Mwambie fundi atoe venia, kile kifaa cha kupimia unene, apime mbele yako. Na kwenye hesabu za geji, zile namba za unene wa bati, watu wanapigwa sana, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo muuzaji akikwambia kwa kujisifu "hili geji 30 mama" anakwambia bati la kama milimita 0.3, usije ukasikia thelathini ukaona kubwa.

NAMBA MBILI: stenlesi

Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, haioti kutu ovyo na kreosoti haiili haraka. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei na kwa sababu Kigoma mafundi wanaoweza kuichomelea vizuri ni wachache. Lakini kuna nyumba moja ambayo naiweka ya kwanza bila ubishi: nyumba yenye dohani ya zamani, yaani njia ya moshi iliyojengwa kwa matofali. Shangazi yangu anaishi kwenye nyumba ya hivyo, za tangu enzi ya ukoloni, ameweka jiko la chuma mdomoni mwa ile dohani akadhani kamaliza. Moshi ukawa unatokea chumba cha kulala kwa sababu chokaa ya katikati ya matofali imeliwa, kuna nyufa huwezi kuziona. Pale dawa ni kushusha bomba la stenlesi ndani ya dohani kuanzia kwenye jiko mpaka juu kabisa, bila kukatisha njiani. Kuna mafundi wanaingiza kipande cha mita moja tu kinaishia tumboni mwa dohani wanasema inatosha. Haitoshi, moshi ukitoka kwenye kipande kidogo ukaingia kwenye uwazi mkubwa wa baridi unapoa na kugandia pale pale, na pa kusafishia hamna. Na dohani ifagiliwe kwanza kabla bomba halijaingia, viota vya ndege na masizi ya miaka hamsini vikibaki mle ni kuni zinazosubiri.

NAMBA TATU: dohani ya matofali ya kuchoma iliyojengwa toka chini

Matofali tunayo, udongo wa kichuguu tunao, nzito, inashika joto, inadumu. Sharti isimame kwenye msingi wake yenyewe na mbao ya paa isichomekwe ndani yake. Ikipasuka inazibwa siku hiyo hiyo.

NAMBA NNE: bati la zinki, geji 28 au 30

Rahisi. Siipendekezi ndani ya nyumba. Kama ni kibanda cha nje kisicho na ukuta, sawa, ila ujue utabadilisha kila baada ya muda mfupi. Mnajua wachomeleaji wakichomelea bati la zinki wanavyoumwa homa jioni wanakunywa maziwa? Ni mafusho ya zinki hayo, yale yale yanayotoka bati likipata moto mkali. Unalitambua kwa maua maua yanayong'aa juu yake.

Na asiye na uwezo wa bomba kabisa, au amepanga na mwenye nyumba hataki bati litobolewe, mimi nitamwambia nunua Envirofit ya kuni upikie nje au kibarazani. Sifichi, ni kampuni ninayoipenda, ninalo moja. Walianzia Colorado, Marekani, mwaka 2003, na kilichonivuta ni kwamba walihangaika na chuma cha chumba cha moto, wakatafuta mchanganyiko wa chuma, kromi na aluminiamu usioliwa na moto. Mtu aliyehangaikia chuma namwamini. Kuniokoa ya BURN ya Kenya nayo ni jiko la kuni la kubeba, watu wanaisifu, ila mimi sijaipikia. Yote mawili hayana bomba, kwa hiyo usije ukayaingiza chumbani ukafunga dirisha kwa kuwa moshi hauonekani. Ile hewa inayoua, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu.

SASA KIUNGO

Hapa ndo migebuka yangu ilipoharibikia. Bomba la moshi linakuja vipande, kila kipande kina mdomo mpana na mdomo mwembamba, jike na dume. Dume linatakiwa liangalie CHINI. Yaani kipande cha juu kinaingia ndani ya kipande cha chini. Mafundi wengi wanageuza, wanasema likifungwa hivyo moshi utavuja. Hauvuji, bomba likivuta vizuri linanyonya hewa kuingia, moshi hautoki. Ila kreosoti ni maji, na maji yanafuata ukuta kwenda chini, ukigeuza viungo yanatokea nje kila kiungo. Mwoneshe bomba la gata linaloshusha maji ya mvua kwenye simtanki, la juu limeingia ndani ya la chini, hata yeye kalifunga hivyo nyumbani kwake. Kila kiungo skrubu tatu, na paka udongo wa kichuguu uliochekechwa ukachanganywa na majivu, au simenti ya kuhimili moto ukiipata.

Likilala kwenda pembeni, liwe linapanda, sentimita 2 kwa kila mita. Kona kali zisizidi mbili. Chini ya bomba la kusimama acha kizibo cha kufungua, maana utasafisha, na kwa jiko la kila siku mimi nasafisha kila mwezi kwa brashi ya waya niliyoifunga kwenye kamba na jiwe.

NA MBAO ZA PAA

Kanuni za Marekani za mabomba ya moshi, NFPA 211, zinataka bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 mbali na kitu kinachoweza kuungua. Papi zako zikiwa zimeachana mita moja na bomba la inchi 4 likapita katikati kabisa, unapata hizo 45 kila upande. Kwa hiyo fundi apande apime papi ziko wapi KABLA hajatoboa bati, sio atoboe juu ya jiko halafu akute mbao. Ikibidi papi ikatwe, ifungwe upya kwa mbao za pembeni. Kama nafasi haipo kabisa, weka kinga ya bati kati ya bomba na mbao, isigusane na mbao, iache uwazi wa sentimita 2 na nusu hewa ipite. Silingibodi nayo ikatwe mduara mpana, uzibwe kwa bati. Mbao haihitaji kuguswa na moto ili iwake, ikipashwa kila siku inakauka, inageuka mkaa taratibu, na kila siku inahitaji joto dogo zaidi kuwaka. Paa langu lilichukua chini ya miezi mitatu.

Mvua inazuiwa na sketi ya bati inayozunguka bomba, upande wake wa juu uingie chini ya bati la juu, halafu silikoni nyekundu ya injini, ABRO, nenda maduka ya spea. Ile nyeupe ya madirisha inaungua. Na sponji mjue mtu akiileta mfukuzeni.

Juu ya paa bomba litokeze si chini ya sentimita 90, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, uwe mwembe au paa la jirani. Sisi tunaoishi miteremkoni huku, upepo ukishuka mlimani jioni bomba fupi linatema moshi wote sebuleni.

Sasa niseme la wauzaji. Unauliza bei unaambiwa mama mzigo umetoka Dar, reli zaidi ya kilomita 1,200, usafiri umepanda. Sawa, jiko limetoka Dar. Lakini lile bomba langu lilikunjwa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, nilikuja kulijua mwenyewe baada ya fundi bati kulitambua kwa mshono wake. Nimelipia nauli ya treni kwa kitu kilichotoka mtaa wa pili! Na nilivyorudi dukani na kipande cha papi mkononi yule bwana akaniambia "fundi sio wangu, mi nauza jiko tu", wakati yeye ndo alimpigia simu fundi. Kwa hiyo nawaambia, nunueni jiko peke yake, mkatae kompliti, mshushiwe bei ya bomba, halafu bomba mkalitengeneze kwa fundi mnayemjua nyumbani kwake. Na risiti iandikwe unene wa chuma kwa milimita, muuzaji anayegoma kuandika hapo toka.

Ukishafunga, siku ya kwanza washa moto mdogo, mchana, madirisha wazi. Usiku zima taa umulike viungo kwa tochi, moshi ukitoka utauona kwenye mwanga. Pika lisaa limoja, halafu mtu apande darini aweke kiganja kwenye mbao iliyo karibu na bomba. Akishindwa kukiacha pale, zima moto, usipike tena mpaka ile mbao isogezwe. Dada wa Kasulu, wewe anza na hili la kiganja leo, ukuta utausugua baadaye.