Miaka saba ya kulipa ada shule binafsi Mbeya: nilichopata na kilichoniuma

Kijana wangu wa kwanza nilimwanzisha darasa la awali mwaka 2019, shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Mbeya mjini. Mdogo wake wa kike nimempeleka shule ya msingi ya serikali, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani Uyole. Watu wananiuliza binti kanikosea nini. Hajanikosea kitu, na nitaeleza.

Nianze na kile ambacho mpaka leo nakisifu. Miaka ya mwanzo kila daftari lilirudi nyumbani limesahihishwa, tena si tiki tupu. Mwalimu aliandika mtoto amekosea wapi, na siku aliposhindwa kutoa kwa kukopa nilipigiwa simu jioni ileile. Darasani walikuwa 28. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyegundua kwamba mwanangu anakodoa macho akisoma ubaoni, akatuambia tumpeleke akapimwe. Leo anavaa miwani. Sisi tunaolala naye nyumba moja hatukuwa tumeona.

Kiingereza nacho amekipata kweli. Mimi nilisoma kwa Kiswahili hadi la saba, nikaingia kidato cha kwanza nikakuta hesabu, baiolojia na historia vyote vimegeuka lugha. Nilikariri bila kuelewa mpaka mtihani wa kidato cha pili. Sikutaka mwanangu apite njia ile.

Sasa gharama. Ada iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa 1,300,000 kwa mwaka, awamu nne. Ongeza basi 420,000, sare na sweta na treki suti 145,000, halafu rimu za karatasi na mitihani ya majaribio kama 90,000. Hapo tayari ni 1,955,000, na safari za kimasomo hazimo. Mimi nauza mchele soko la Mwanjelwa. Awamu ya Januari huwa inaangukia wakati biashara imelala. Kwa hiyo ukiulizia ada, omba wakuandikie jumla ya mwaka mzima, kila kitu kikiwemo.

Kilichoniumiza zaidi ya fedha ni basi. Mtoto anachukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu sisi wa Uyole ndio wa kwanza kwenye mzunguko, kisha linazunguka kuokota wengine. Barabara ni hiyohiyo ya malori ya Tunduma, na tangu ujenzi wa njia nne Uyole hadi Ifisi uanze, foleni imezidi. Anayeijua baridi ya Mbeya mwezi wa saba anaelewa ninachosema. Akirudi jioni amechoka, anasinzia na kijiko mkononi. Alipofika la nne, 2023, shule ilitaka watoto wa darasa hilo walale bweni kujiandaa na mtihani. Mwaka huohuo wizara ikatoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi la nne. Nilishukuru mno.

Halafu ajira za ualimu serikalini zikatangazwa. Walimu watatu waliondoka kabla muhula haujaisha, na siwalaumu, kila mtu anatafuta uhakika wa kesho. Lakini darasa lilikuwa limeshafika watoto 51, na madaftari yakaanza kurudi bila alama ya kalamu nyekundu. Ada haikupungua hata shilingi. Nilienda ofisini mara mbili, nikaambiwa nivumilie. Hapo ndipo nilipotambua kuwa miaka yote ile nilikuwa namlipia mwalimu, sio majengo wala basi la njano.

Jingine lilinipata kanisani. Siku ya watoto kijana wangu alipewa asome mistari mitano ya Biblia, akawa anasitasita kama anayevuka mto kwa mawe. Kiswahili chake cha kuongea ni kizuri, cha kusoma kilikuwa nyuma. Tangu hapo kila Jumamosi anamsomea bibi yake kwa sauti.

Binti yuko la pili. Darasa lao lina watoto zaidi ya 90, na mwalimu mmoja hawezi kuyafikia madaftari yote, hata awe na moyo wa namna gani. Mimi nakaa naye kila jioni. Lakini analala vya kutosha, anasoma Kiswahili bila kukwama, na kwa mtaala mpya Kiingereza wameanza nacho darasa la kwanza. Tunampeleka twisheni kwa mwalimu jirani, elfu kumi kwa mwezi.

Kama unatafuta shule, jua kwamba NECTA, baraza la mitihani la taifa, hawatangazi tena shule kumi bora, kwa hiyo bango la kujisifu getini lisikutishe. Nenda katikati ya muhula, omba kuona daftari la mtoto wa la tatu. Uliza mwalimu wa darasa hilo ana muda gani pale, na basi litaanzia kwa nani.

Kijana namwacha amalizie palepale. Yuko la sita, na kumgeuzia sayansi iwe kwa Kiswahili sasa ni kumwonea. Binti atabaki alipo hadi la nne, kisha mimi na baba yake tutakaa tena.