Fútbol au balompié?

Kihispania kina majina mawili ya mpira wa miguu. Fútbol limetoholewa kutoka Kiingereza. Balompié limeundwa nyumbani kwa balón, yaani mpira, na pie, mguu. Mwandishi wa habari Mariano de Cavia alilipigia debe mwaka 1908. Kwa mantiki lilistahili kushinda, maana hata mtoto analielewa bila kufafanuliwa. Mtaani halikufua dafu. Leo utalikuta zaidi kwenye majina ya klabu, kama Real Betis Balompié ya Sevilla. Fútbol limekwishazaa futbolista, mchezaji, na futbolero, mshabiki. Wameksiko wao wakahamishia mkazo mwishoni: futbol. Nikizungumza nitasema fútbol, ingawa masikioni mwangu balompié ndilo tamu, kama kandanda letu mbele ya soka.