Mawakili wa madeni ya Nairobi: nyota 4 kutoka kwa muuza vitunguu

Hawa jamaa wana ofisi ndogo tu, mmoja yuko Arusha mwenzake Nairobi. Mteja wangu wa Nairobi alichukua mzigo wa vitunguu vya Mang'ola akalipa nusu, hiyo nusu nyingine ikawa kila Ijumaa "kesho boss".

Kilichonifanya niwaamini, walikataa hela yangu ya kufungua kesi Arusha. Wakili wa hapa aliuliza kitu kimoja tu, huyo mtu ana mali gani Tanzania? Hana. Stoo, gari, akaunti vyote viko kwao, kwahiyo hata ukishinda hapa itabidi hukumu uipeleke Kenya ikasajiliwe High Court ndo uanze kukamata mali, na inawezekana kabisa maana Tanzania ipo kwenye orodha yao ya nchi ambazo hukumu zake wanazikubali, ila ni kazi juu ya kazi. Na nyie mnaoniambia "si uko Arusha, mpeleke Mahakama ya Afrika Mashariki", jamani ile watu wanashtaki serikali na taasisi za jumuiya, mfanyabiashara mwenzako humpeleki pale labda mkataba wenu uwe umeandika kabisa kwamba mkigombana ndo itakayowaamua. Sisi mkataba wetu ulikuwa WhatsApp.

Basi wakamfungulia Nairobi kwenye mahakama ya madai madogo, inapokea mpaka milioni 1 ya Kenya na sheria yao inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Yetu ilipitiliza, sio kosa lao. Kwenye ushahidi ndo nilipowavulia kofia, skrinshoti zangu zilizokatwakatwa walizirudisha zote wakataka mazungumzo mazima yenye namba na tarehe, karatasi za mzigo za mpakani Namanga, na meseji za malipo ya ile nusu ya kwanza, kwasababu mtu akishalipa nusu hawezi tena kusema hakununua 😂. Ushahidi nilitoa kwa video nikiwa nyumbani.

Hukumu ikatoka, jamaa akaleta ngonjera mpaka aliposikia dalali wa mahakama anakuja stoo, hapo hela ikaanza kuingia kwa mafungu.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu ya ada, wanataja kwa dola na risiti mpaka uombe mara mbili tatu, halafu yule wa Nairobi meseji anajibu usiku wa manane. Kama unadai laki tatu nne za Kibongo usiwatafute, ada itaimeza yote, bora umtume mtu akakae mlangoni kwake.