Fuwele za chumvi za kuandalia utando wa dhahabu: uzoefu wangu

Nimezitumia fuwele hizi miezi minane sasa, katika maabara ya chuo ninachosoma hapa Ujerumani, kuandaa utando wa dhahabu wa kutazama kwenye hadubini ya elektroni. Nitazinunua tena, ila nitachukua za mabonge tu. Zile zinazouzwa zimeshakatwa na kung'arishwa sizitaki tena.

Kwa asiyeijua kazi hii: elektroni hazipenyi metali nene. Dhahabu yangu huwa na unene wa nanomita 20 hadi 30, na utando mwembamba hivyo ukishashika kwenye kioo huubandui ukabaki mzima. Ndiyo maana tunautandaza juu ya chumvi. Dhahabu inavukizwa ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, na kutua juu ya fuwele; baadaye chumvi inayeyuka majini, utando unabaki unaelea.

Oda ya kwanza ilikuwa ya vipande vilivyong'arishwa, sentimita moja kwa sentimita moja. Mfuko ulifika haujafungwa sawasawa, na vipande vilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mimi nimekulia Tanga. Nyumbani chupa ya chumvi lazima itiwe punje za mchele, la sivyo inalowa, kwa hiyo nilijua papo hapo kilichotokea. Nikavitumia hivyo hivyo kwa kuwa zamu yangu ya mashine ilikuwa kesho yake. Utando ukatoka matundu matupu, siku nzima ya hadubini ikapotea. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, nampa haki yake, lakini zamu nyingine niliipata baada ya wiki tatu.

Bonge ni habari nyingine kabisa. Unaweka wembe sambamba na ukingo, unagonga mara moja kwa kinyundo, linapasuka wima kwa kufuata tabaka zake za atomu. Uso unatoka angavu, hauhitaji kusuguliwa. Mimi napasua dakika chache kabla ya kufunga ombwe. Ukiipasha fuwele moto hadi nyuzi 300 au 400 za Selsiasi, dhahabu nayo hujipanga kwa kufuata mpangilio wa chumvi. Usipoipasha, unapata chembe ndogondogo zilizoelekea kila upande.

Hatua ninayoipenda ni ya majini. Nauchanja utando kwa wembe uwe vipande vya milimita mbili mbili, kisha naizamisha fuwele kwa mshazari, taratibu mno. Maji yanapenya chini ya dhahabu, unauona mstari wake ukipanda, na kipande kimoja kimoja kinaachia na kuelea. Kitazame kikiwa mbele ya taa: mwanga unaopita ni wa kijani kinachoelekea buluu. Siku ya kwanza nilimwita mwenzangu aje aone.

Usikichote hapo hapo. Maji yale yana chumvi, na yakikaukia kwenye gridi, yaani kile kiwavu kidogo cha metali kinachobeba utando ndani ya hadubini, yanaacha vijiwe vinavyoziba kila unachotaka kuona. Mimi nakihamisha kwa kitanzi cha waya hadi kisahani cha pili cha maji yaliyokenekwa, halafu cha tatu, ndipo nakiopoa kutokea chini kwa gridi ya milimita 3. Hapo kibano ndicho adui. Maji yanajikusanya kati ya miguu yake, ukiachia tu gridi inavutwa humo na utando unakunjika. Gusisha kwanza ncha ya karatasi ya kuchujia katikati ya miguu hiyo, maji yanyonywe yaishe, ndipo uachie. Nilipoteza gridi nyingi kabla fundi wa maabara hajanionyesha.

Gridi za shaba zinatosha, isipokuwa kama utaipasha sampuli moto ndani ya hadubini, maana shaba itaingia kwenye dhahabu. Kwa kazi hiyo nunua za molibdeni.

Mabonge yaliyobaki nimeyafungia kwenye chupa pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Juzi nimepasua moja lililokaa humo tangu Aprili. Nje lilikuwa limefifia kidogo, ndani jipya kabisa.