Civilization VI kwa anayeanza: yule skauti usimwache aondoke

Watu karibu wote niliowaonyesha hii gemu ya kujenga taifa lako zamu kwa zamu wakaiacha siku ya kwanza walimalizwa na washenzi, yaani maadui wasio na taifa wanaotoka kambini, sio na mataifa pinzani kama Mroma au Mmarekani. Inakuwa hivi, umeshaweka mji wako wa kwanza, umetulia, zamu ya kumi na kitu anatokea skauti wao mmoja anapita pembeni ya mji, unamwona mdogo unaachana naye. Hebu mwangalie kichwani, akiwa na alama nyekundu ya mshangao basi mji ameshauona na anawahi kambini kupeleka habari, akifika tu linakuja kundi, na kambi ikiwa karibu na farasi wanakuja wamepanda. Muue kabla hajafika. Ndo maana mimi nikishatoa skauti wangu natoa mrusha kombeo, ni bei rahisi na akiua adui hata mmoja tu unapata Eureka ya upinde, yaani msukumo wa bure kwenye utafiti wa teknolojia hiyo, asilimia 40 ya utafiti hiyo umeshaokoa.

Halafu maji jamani. Ukimbonyeza mlowezi, yule wa kuanzisha mji mpya, ramani inabadilika rangi, kijani kilichokolea maana yake pana maji baridi, mto au ziwa, mji ukikaa hapo unaanza na makazi 5, yaani nafasi ya watu kuishi, pwani ni 3, pakavu ni 2 tu. Pakavu watu hawaongezeki, mji unadumaa na wewe unashangaa mbona wenzako wanakuacha, kwahiyo kama mto uko hatua moja mbili tembea tu, zamu hiyo itarudi.

Na mlowezi asitembee peke yake. Kila mmoja anapunguza mtu mmoja mjini, ni gharama, mimi wangu mshenzi alitokea kwenye ukungu akamteka ikiwa imebaki zamu mbili afike mtoni, iliniuma sana aisee, tangu siku hiyo namweka na askari kigae kimoja, yaani kisanduku kimoja cha ramani, wanaenda pamoja.

Levo ya ugumu anza na Prince, hapo kompyuta haibebwi na wewe hubebwi, utajifunza vizuri. Ukiwa na miji mingi zamu za mwishoni zinakuwa ndefu na zinachosha, hilo ndo doa ninaloliona mimi. Bei msikurupuke, subirini punguzo, ni gemu ya 2016 na inashushwa mara kwa mara.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, Zanzibar imo! Ni mji unaojitegemea, ukiwa na wajumbe, wale unaowatuma kujenga urafiki na mji, kuanzia 3 pale na ukawazidi wengine wote unapewa karafuu na mdalasini, huvipati kwa njia nyingine yoyote, na kila kimoja kinaleta raha 6 kwa wananchi wako. Wa kwanza kuufikia anapata mjumbe mmoja bure, kwahiyo skauti wako akiuona mapema wajumbe wote peleka huko.